Kunyima, Kudukua au Kulemea? Istilahi na Ulinzi wa Mitandao ya Biashara Inayoongozwa kwa Programu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mitandao ya biashara inayoongozwa kwa programu inavyoweza kukingwa dhidi ya mashambulio ya kukwamisha huduma. Yanashikilia kwamba mtandao wa aina hii una mahali patatu panapoweza kuzidiwa, na kwamba istilahi mbili zilizozoeleka katika Kiswahili, yaani "kunyima huduma" na "udukuzi", huficha mahali hapo na hivyo humpotosha anayetakiwa kuchukua hatua. Mifano imetolewa katika shambulio la eCitizen la mwaka 2023 na katika mtandao wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu mjini Machakos.

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango ulioitwa Gava Mkononi, ambapo zaidi ya huduma 5,000 za serikali ziliwekwa katika jukwaa la eCitizen. Jina hilo, lenye neno la mtaani likiandamana na la Kiswahili sanifu, lingestahili makala yake lenyewe. Kabla ya mwezi mmoja kutimia, mkono ukawa mtupu. Tarehe 27 Julai 2023, Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, alithibitisha kwamba jukwaa lilikuwa limeshambuliwa. Waombaji wa pasipoti na leseni za kuendesha magari walikwama, abiria wa reli wakatakiwa kununua tiketi kituoni, na serikali ikalazimika kuwaruhusu wageni wapate viza baada ya kuwasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mnamo Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliweka hadharani mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan wanaotuhumiwa kuliendesha kundi hilo, wakisema kwamba zana yao ilitumika katika mashambulio zaidi ya 35,000 duniani.

Katika maelezo yake Waziri alisema kwamba wahusika walijaribu kuusonga mfumo kwa kuuingizia maombi mengi kupita kawaida, kwamba dalili ya kwanza ilikuwa kupungua kwa kasi, na kwamba hakuna data iliyopotea. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kwa namna yake. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku, neno lililoshika lilikuwa "imedukuliwa". Mtu anayesikia kwamba eCitizen imedukuliwa huhofia nambari ya kitambulisho chake. Anayesikia kwamba imesongwa hujua kwamba atasubiri. Hizo ni hofu mbili tofauti, na zinadai matendo mawili tofauti.

Huenda msomaji akauliza, suala la mitandao linafanya nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu la kwanza ni la kijiografia. Konza, mji wa teknolojia uliowekewa jiwe la msingi Januari 2013, uko kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale mipaka ya Machakos, Makueni na Kajiado inapokutana, na ndani yake mna kituo cha taifa cha data. Jibu la pili ni la kitaaluma. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wanaisimu wamejadili sana majina ya vitu vinavyoonekana: ikiwa ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ikiwa ni faili au jalada. Majina ya matukio, hasa ya hatari, yameachwa yajitafsiri yenyewe. Mwandishi anaonelea kwamba upungufu huo una gharama, na njia bora ya kuuonyesha ni kuueleza ulinzi wenyewe kwa Kiswahili mpaka pale maneno yanapokwama.

2.0 Kitenzi "nyima" na kasoro yake

Istilahi iliyoenea ni "shambulio la kunyima huduma". Ni tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, na kwa sikio la haraka haina ubaya. Lakini tukichunguze kitenzi chenyewe. "Nyima" hudai shamirisho mbili, kipozi na kitondo: Mwende alimnyima mgeni maji. Zaidi ya hapo, kinabeba sharti lisilotamkwa: anayenyima ndiye mwenye kitu. Mwende ana mtungi, na angetaka angempa mgeni. Ndiyo maana tendo la kunyima huhusishwa na uchoyo. Mpita njia akiziba njia ya kisimani, hatusemi amewanyima wanakijiji maji; twasema amewazuilia, amewafungia, au amewakatizia.

Katika shambulio tunalolijadili, mshambulizi hana huduma ya kunyima. Mwenye huduma ni benki, hospitali au serikali, naye yu tayari kuitoa. Kwa kutumia "kunyima", lugha inamweka mtoa huduma katika nafasi ya mtendaji. Mwanachama anayeona kwenye simu yake kwamba "huduma imenyimwa" atamkasirikia karani wa dirishani.

"Kudukua" nako kuna upande wake. Neno hili lina asili ya kuchungulia au kusikiliza siri za wengine, na kwa maana hiyo linafaa sana kwa tendo la kuingia katika mfumo bila idhini. Linapopanuliwa likabeba kila ovu la mtandaoni, linapoteza makali. Mfumo uliosongwa haujaingiwa. Mlango haujavunjwa, umati umesimama mbele yake.

Napendekeza tutumie "kukwamisha huduma" kama jina la jumla, na chini yake aina tatu kulingana na mahali panapozidiwa: kufurikisha njia, kuchosha seva, na kulemea kidhibiti. Aina mbili za kwanza ni za zamani na zinafahamika. Ya tatu ndiyo iliyokuja na mitandao ya leo, na haieleweki mpaka kwanza tuufungue mtandao wenyewe.

3.0 Akili ilipohamishwa kutoka kwenye swichi

Katika mtandao wa kawaida, kila swichi na kila ruta ina akili yake. Kifaa kinapokea pakiti ya data, kinatazama anwani yake, kinaamua pa kuipeleka. Uamuzi na upitishaji viko ndani ya sanduku moja. Fundi anayetaka kubadilisha utaratibu hana budi kuliendea kila sanduku na kuliagiza peke yake. Chama chenye matawi Tala, Masii, Matuu, Kitui na Wote kitajua ugumu wa jambo hilo, hasa pale fundi anapokuwa mmoja na gari la chama liko gereji.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichapisha pendekezo la itifaki iliyoitwa OpenFlow, na mwaka 2011 shirika la Open Networking Foundation likaanzishwa ili kuieneza. Wazo lao lilikuwa kuitoa akili kwenye masanduku na kuiweka mahali pamoja, katika programu inayoitwa kidhibiti. Swichi inabaki na mikono tu. Mwaka 2013 Google ilieleza hadharani jinsi ilivyokuwa ikiunganisha vituo vyake vya data kwa mtindo huu. Kwa biashara za wastani wazo lilifika kwa njia nyingine: mtandao mpana unaoongozwa kwa programu, ambapo kila tawi hupewa kisanduku kinachopokea maagizo kutoka makao makuu, na kinachoweza kutumia waya wa nyuzi na mawimbi ya simu kwa pamoja, kikihama kutoka njia moja hadi nyingine bila kumsubiri fundi.

Ili utendaji huu ueleweke, tufikirie steji ya matatu mjini Machakos. (Kituo cha mabasi cha Nairobi kinachoitwa Machakos Country Bus kingefaa pia, ila hakiko Machakos.) Kwenye kila lango kuna kijana mwenye daftari dogo. Abiria akija na kutaja Kitui, kijana anatazama daftari. Ikiwa Kitui imo, anamwelekeza gari bila kuchelewa. Ikiwa haimo, anampigia simu karani aliye ofisini, ambaye peke yake ndiye anayejua magari yote na safari zote. Karani anajibu, kijana anaandika mstari mpya, na abiria wote wa Kitui wanaofuata wanahudumiwa papo hapo. Daftari lina kurasa chache, kwa hiyo mstari usiotumika kwa muda fulani hufutwa.

Kijana ni swichi. Daftari ni jedwali la mikondo. Kila mstari ni kanuni. Simu kwa karani ni ujumbe ambao swichi huutuma kwa kidhibiti kila inapokutana na pakiti isiyokuwa na kanuni. Muda wa kufuta mstari umewekwa kwa namna mbili: upo muda wa kukaa bila kutumika, na upo muda wa mwisho ambao ukifika mstari hufutwa hata kama unatumika.

Uzuri wa mpango huu hauhitaji kupigiwa debe. Karani anaiona steji nzima. Akisikia kwamba barabara ya Wote imeharibika, anabadilisha njia ya kila mtu kwa agizo moja. Swali ni nini kitatokea ikiwa watu ambao hawana safari wataanza kuja langoni.

4.0 Mahali patatu

Waje vijana mia mbili, mmoja mmoja, kila mmoja akitaja mji wa kubuni. Hakuna aliyepanda gari. Barabara ya Kitui iko wazi, magari yako tayari, makanga wanaita. Lakini kijana wa langoni anapiga simu mia mbili, karani hapokei nyingine, na daftari limejaa majina ya miji isiyokuwepo. Abiria wa kweli wa Masii amesimama nyuma ya foleni. Hivi ndivyo kidhibiti kinavyolemewa.

Tofauti na aina nyingine ni kubwa. Anayetaka kufurikisha njia hana budi kuwa na nguvu: mwaka 2018 shambulio dhidi ya GitHub lilifikia terabiti 1.35 kwa sekunde, kiasi ambacho hakuna biashara ya wastani inayoweza kukihimili kwa njia zake yenyewe. Anayetaka kuchosha seva anahitaji maombi mengi yanayofanana na ya kweli. Agosti 2023 Google ilipambana na shambulio lililofikia maombi milioni 398 kwa sekunde. Lakini anayelenga kidhibiti hahitaji wingi huo. Anahitaji pakiti ndogo ndogo ambazo kila moja inaonekana mpya. Anabuni anwani za kutokea ovyo ovyo, na kila anwani inaizalishia swichi swali. Vipimo vya kawaida vya mtandao vitaonyesha njia zikiwa na nafasi tele, na msimamizi atatafuta ugonjwa mahali pasipouma.

Hata ndani ya aina hii moja, kinachovunjika si kimoja. Aghalabu cha kwanza si kidhibiti bali swichi yenyewe, kwa kuwa kichakato chake kidogo hakikuundwa kwa ajili ya kuuliza maswali mfululizo. Kisha huja njia iliyo kati ya swichi na kidhibiti, ambayo mara nyingi ni nyembamba kuliko njia za data. Halafu kuna jedwali. Kumbukumbu inayotumika katika swichi za kazi nzito ni ghali na hula umeme, hivyo nafasi zake huhesabika. Upo ushambulizi wa polepole unaolijaza jedwali hili bila kelele: mshambulizi hutuma pakiti moja kwa kila mkondo kabla tu ya muda wa kukaa bila kutumika kumalizika, na kanuni zake za uongo haziishi. Zile za kweli hukosa mahali.

Tusidhani pia kwamba pakiti hizi hutoka mbali. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera za usalama na vinasa picha vilivyoachwa na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo kundi la vifaa vya namna hiyo likaangusha kampuni ya Dyn na kuzifanya tovuti mashuhuri zisifikike. Kamera za aina hiyo ziko juu ya milango ya maduka mengi. Kamera moja iliyotekwa ndani ya tawi la Matuu iko upande wa ndani wa swichi, karibu na daftari kuliko mshambulizi yeyote wa ng'ambo.

5.0 Kumlinda karani

Hatua ya kwanza ni kupunguza maswali. Mitandao ya vyuo vya utafiti ilipenda mtindo wa kuuliza kwanza, kwa kuwa hakuna ajuaye mwanafunzi atafungua nini. Biashara si hivyo. Tawi la chama cha akiba linawasiliana na seva ya hesabu, seva ya barua pepe, mtandao wa malipo ya simu, na labda kamera na kinasa chake. Njia hizo zinaweza kuandikwa mapema katika kila daftari, kwa kanuni za jumla badala ya mstari kwa kila mteja. Pakiti isiyolingana na chochote haipigiwi simu. Inatupwa, na idadi yake inahesabiwa. Mwandishi anaamini kwamba hatua hii pekee ina faida kuliko vifaa vingi vya bei kubwa vinavyouzwa kwa jina la usalama, nayo haihitaji kununua kitu. Inahitaji mtu aketi na karatasi aandike nani anazungumza na nani. Kazi hiyo inachosha, na pengine ndiyo sababu haifanywi.

Pale ambapo maswali hayaepukiki, yawekewe kiwango. Toleo la 1.3 la OpenFlow, lililotoka mwaka 2012, liliongeza vipimo ambavyo swichi inaweza kuvitumia kuzuia mkondo usizidi kasi fulani. Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Tukisema kwamba swichi isiulize zaidi ya maswali mia moja kwa sekunde, na mshambulizi akauliza elfu kumi, basi kidhibiti kimepona lakini abiria wa Masii bado amekwama, kwa kuwa swali lake moja linashindania nafasi mia pamoja na maswali elfu kumi ya uongo. Kiwango cha jumla humlinda karani na kumwacha msafiri. Dawa ni kugawa kiwango kwa kila tundu la swichi au kwa kila tawi, ili kamera ya Matuu imalize mgao wake yenyewe na dirisha la mhasibu libaki na wake. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni mistari michache ya usanidi, lakini ndiyo tofauti kati ya mtandao uliolindwa na huduma iliyolindwa.

Njia nyingine ni kumtaka msafiri athibitishe safari yake kabla ya simu kupigwa. Mawasiliano mengi ya biashara huanza kwa salamu ya hatua tatu: hodi, karibu, nimeingia. Mwenye anwani ya kubuni hawezi kuikamilisha, kwa sababu "karibu" hupelekwa kwa mtu asiyekuwepo. Mwaka 2013 watafiti walipendekeza mfumo wa Avant-Guard ambamo swichi yenyewe huitikia hodi na kusubiri hatua ya tatu ndipo ikiarifu kidhibiti. Wazo ni zuri, ingawa halisaidii kitu kwa mawasiliano yasiyoanza kwa salamu, na linaidai swichi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Jamaa yake wa karibu ni pendekezo la tangu mwaka 2000 lijulikanalo kama BCP 38: kila mtandao uzuie pakiti zinazotoka kwake zikiwa na anwani zisizo zake. Katika mtandao unaoongozwa kwa programu, jambo hili ni kanuni moja kwa kila tundu.

Wengine watasema: tuongeze makarani. Vidhibiti vitatu ni bora kuliko kimoja, ndiyo, hasa umeme ukikatika. Lakini kwa ulemeaji vinaweza kuongeza balaa. Kidhibiti cha kwanza kikianguka kwa mzigo, mzigo ule ule humfuata wa pili, kisha wa tatu, na vyote vikaanguka kwa zamu. Vidhibiti vingi vina maana ikiwa tu maswali yameshapunguzwa na kugawiwa mgao. Cha maana zaidi ni njia yao: mazungumzo ya swichi na kidhibiti yapite kwenye njia yake, yawe yamefumbwa kwa siri, na ukurasa wa kukiongoza kidhibiti usifunguliwe kwa intaneti ya umma. Mitandao mingi mipana huongozwa kutoka seva za kukodi, na ukurasa huo ukiachwa wazi, mshambulizi hatakuwa na haja ya kulemea kitu. Hapo ndipo neno "kudukua" litakapopata mahali pake halali.

Kuna uamuzi mmoja unaosahaulika hadi siku ya msiba. Swichi ikipoteza mawasiliano na kidhibiti, ifanyeje? Itifaki inatoa hali mbili. Katika ya kwanza, swichi inaendelea kufuata kanuni ilizonazo na kutupa kisichojulikana. Katika ya pili, inarudia tabia ya swichi ya kale na kujiamulia. Kwa chama chetu cha kubuni, hali ya kwanza ndiyo salama, kwa kuwa kanuni muhimu zimeshaandikwa: karani amezirai, lakini daftari linajua njia ya kwenda kwenye seva ya hesabu, na mwanachama wa Tala atatoa pesa zake. Lakini ni lazima kanuni hizo ziwe hazina muda wa kufutwa. Nimeona maelezo ya usanidi yanayochagua hali ya kwanza na wakati huo huo kuipa kila kanuni uhai wa sekunde chache. Mtandao wa namna hiyo hufa pole pole baada ya kidhibiti, tawi moja baada ya jingine.

Kugundua shambulio nako kuna utata wake. Mbinu inayopendwa ni kupima mtawanyiko wa anwani kwa kutumia hesabu aliyoiasisi Claude Shannon mwaka 1948. Anwani za kutokea zikitawanyika ghafla kupita desturi, au za kufikia zikijikusanya juu ya seva moja, kengele inalia. Tatizo ni kwamba desturi ya biashara ya Machakos haiko sawa siku zote. Mwisho wa mwezi, mishahara ya walimu inapoingia, matawi yote huielekea seva moja. Wiki ya shule kufunguliwa, mikopo ya karo huombwa kwa saa chache. Chombo kilichofundishwa desturi kwa siku za katikati ya mwezi kitamwona mwalimu kuwa mshambulizi, na kikiachiwa kujiamulia kitamzuia. Kwa hiyo kipimo kisitegemee mtawanyiko pekee. Umati wa mishahara hukamilisha salamu, hutoka katika anwani zilizokwisha kuonekana, na hupungua saa ya chakula cha mchana. Pakiti za uongo hazifanyi lolote katika hayo. Aidha, hatua ya kwanza ya chombo iwe kupunguza kasi, wala si kufunga lango.

Kuhusu kufurikisha njia, maneno machache yatatosha, kwa kuwa dawa haimo mikononi mwa chama. Waya unaoingia Machakos ukijaa, hakuna kanuni ndani ya jengo itakayousafisha. Kampuni ya intaneti haina budi kuzuia huko juu. Njia ya haraka ni kutupa kila kinachoelekea kwenye anwani inayoshambuliwa, jambo linaloiokoa kampuni na wateja wake wengine, lakini kwa chama chetu ni kumkamilishia mshambulizi kazi yake. Njia bora ni kuipitisha trafiki katika kituo cha kuisafisha, na mkataba useme kituo hicho kiko wapi: ombi linalotoka Masii kwenda Machakos likizungushwa Ulaya, huduma itarudi ikiwa imechoka. Mtandao mpana unaoongozwa kwa programu una msaada wake hapa, yaani kuhamishia mawasiliano ya matawi kwenye njia ya pili, ilimradi njia hiyo isiwe ya kampuni ile ile na isiwe na anwani iliyotangazwa. Kisheria, kuingilia mifumo kwa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya mwaka 2018 ya Kenya kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na taarifa hupelekwa kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mpiga ripoti anapaswa kusema ni kipi kilichozidiwa kati ya njia, seva na kidhibiti. Hilo ndilo swali ambalo "mtandao wetu umedukuliwa" haliwezi kulijibu.

6.0 Istilahi zinazosubiri

Katika kuandika makala haya, maneno "swichi", "ruta", "seva", "pakiti" na "itifaki" hayakusumbua. Yamekwisha kupata uraia. "Mkondo" limehamishwa kutoka mtoni na linaonekana kustarehe. "Kidhibiti" lina ushindani kutoka kwa "kiongozi", ambalo nimeliepuka kwa kuwa linaingia katika ngeli ya watu na kuleta picha ya mtu wa siasa.

Zile hali mbili za swichi iliyoachwa peke yake bado hazina majina. Ningependekeza "hali ya kushika agizo" kwa ya kwanza na "hali ya kujitawala" kwa ya pili, nikijua kwamba la pili linaweza kusikika kama sifa njema ilhali mara nyingi silo. Kuhusu kutupa pakiti zote za anwani fulani, wapo wanaoandika "shimo jeusi", wakifuata Kiingereza. Picha hiyo imekopwa kutoka elimu ya nyota na haimwambii mhasibu wa Wote ni nini kilichofanyiwa anwani yake. "Kutupa" linatosha, lakini halitofautishi kutupa pakiti moja isiyo na kanuni na kutupa kila kitu kwa makusudi; pengine "kutelekeza anwani" lingefaa, maana hubeba wazo la kuacha mwenyewe ukijua anayeumia. Kwa sasa mafundi husema tu "imedropiwa", kwa hali zote mbili, na kila mara mmoja wao hulazimika kuuliza ni ipi.